Tuketi na Aliyefiwa Kabla Hajaenda kwa Mpiga Ramli

Ndugu zangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, liko jambo tunalolijua sote na hatulisemi tukiwa tumetazamana. Tunalinong'ona kisimani, mnadani, na njiani tutokapo mazikoni. Mtoto amekufa kwa homa ya siku mbili. Matanga hayajaisha, jina la bibi mmoja limekwisha zunguka kijiji kizima kwamba ndiye aliyemroga. Bibi mwenyewe ndiye wa mwisho kulisikia, na pengine halisikii kabisa, maana wenye mapanga huja usiku.

Mwaka 2009 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilieleza kwamba wanawake wazee 2,585 waliuawa katika mikoa minane kwa muda wa miaka 5. Shinyanga, iliyokuwa bado na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ilihesabiwa 522. Hao ni mama zetu. Tuliwaamkia "mwangaluka, mayu", wakatuitikia.

Serikali imejaribu kuyazima mauaji haya kwa nguvu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Mauaji; watu wakakamatwa Mwanza na Shinyanga, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowahoji. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977 kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku. Na Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inasema kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Muuaji lazima akamatwe, hilo halina mjadala. Ila polisi hufika panga likiwa limekwisha shuka. Aliyepo kabla ya panga ni jirani, shemeji, katekista, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji. Hao ndio ninaowasihi leo.

Sisi tuliosoma kidogo tumezoea kukemea. "Acheni ushirikina!" tunasema, kisha tunaondoka tukiona tumemaliza kazi. Mfiwa hunyamaza kwa adabu, na usiku anafunga safari kwenda kwa mpiga ramli. Kwa nini asiende? Kule anasikilizwa. Anaulizwa mtoto alianza kuugua lini, nani alipita uani, nani aligombana naye wakati wa palizi. Anaulizwa jina la mtoto. Ramli chonganishi inauzwa kwa usikivu, na sisi tunaodai kuwa na ukweli hata hilo jina hatukuliuliza.

Basi tuwahi sisi. Usimwite mfiwa ofisini. Nenda kwake, kaa kwenye kigoda anachokupa, umpe pole, umwache aseme yote, hata yale usiyoyaamini wewe. Wala usijifanye unayaamini ili akupende. Akikuuliza mwambie wazi: "Baba, mimi sioni kwamba mtoto alirogwa, lakini nataka kujua wewe uliona nini." Mtu aliyesikilizwa huvumilia kupingwa. Kisha uliza taratibu, na si yote kwa siku moja: zahanati walisema nini? Alipimwa malaria? Mpiga ramli anataka ng'ombe wangapi? Shamba la yule bibi mjane, akiondoka, litalimwa na nani? Swali hili la mwisho ni zito. Yapo majina mengi yaliyotajwa ambayo mizizi yake ni mpaka wa shamba.

Akisema macho ya bibi ni mekundu, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya mchawi, ingieni jikoni kwa huyo mfiwa mwenyewe. Miti kwetu imekwisha. Wanawake wanapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, juu ya mafiga matatu, katika kijumba kisicho na dirisha. Mwombe mwenye mji akae humo mpaka ugali mmoja uive. Atatoka anapangusa machozi, na macho yake yatakuwa kama ya bibi aliyekaa katika jiko kama hilo miaka arobaini. Hapo hotuba haihitajiki. Kule Magu, wilaya ambayo Busega ilikatwa kwayo mwaka 2012, shirika la MAPERECE lilishika njia hii: majiko bora, nyimbo na ngoma, na mazungumzo ya mji kwa mji.

Mambo mawili yasilegezwe. Uhai wa mtu hauwekwi mezani kujadiliwa, hata mfiwa awe na uchungu gani. Na jina la mtu lisitajwe katika mazungumzo hayo. Tuzungumze kifo cha mtoto, tusimweke bibi kizimbani. Huyo bibi tumtembelee mchana, watu wakiona, na akitupa chakula tule.

Wasukuma si wageni wa kukaa kitako na kubishana. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti, ulipata nguvu pale wazee walipolitumia dagashida, baraza lao la asili, wafugaji na wakulima wakavutana hadi wakapatana juu ya sheria za ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Leo mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuketi kila baada ya miezi mitatu. Ajenda za mkutano ujao ziwe na hii pia: vifo vya watoto kijijini. Waliofiwa waseme kwanza bila kukatizwa, mganga wa zahanati afuate, na wanawake wazee wakae viti vya mbele pamoja na banamhala, wazee wetu wa kimila.