NANI ATANG'OA VISIKI?



Kila jua linapochoma mwezi wa Januari na Februari, huku kwetu Kisii wakubwa husimama barazani wakapiga kelele: "Ng'oeni mikaratusi mabondeni! Inakunywa maji, chemchemi zinakauka!" Maneno hayo ni kweli, wala hatuyapingi. Lakini akisha kusema, mkubwa hupanda motokaa yake akaenda zake, na mama mwenye shamba hubaki akitazamana na kisiki.

Sisi twauliza: gharama ya kung'oa ni ya nani?

Mti huu haukuletwa na mkulima wa Kisii. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili zipatikane kuni za kuendeshea magari ya moshi ya reli ya Uganda. Ndiyo, ndugu zangu wa reli, ni tumbo la injini zetu lililouita. Injini za kuni zilikwisha zamani. Mti umebaki na umeshuka mpaka kwenye chemchemi. Na kwa nini watu waliupanda? Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha Kisii ina watu 1,266,860, zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa kama vitambaa. Kipande cha bondeni chenye maji maji hakistawishi mahindi, lakini mkaratusi hustawi, na baada ya miaka michache wauzwa nguzo za umeme au kuni za kiwanda cha chai, na karo ya mtoto hupatikana.

Wala tusijitie usafi sisi tulio mbali na nyumbani. Mfanya kazi wa reli hupenda mti huu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hauhitaji kupaliliwa. Mimi mwenyewe nilipoandikwa kazi, mwaka 2016, mshahara wa kwanza nilinunua miche nikapanda kando ya kijito chetu. Leo mama yangu hupita pale na mtungi mkavu, akaenda kuteka mbali. Likizo iliyopita nilikata yote. Niliporudi, kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi matatu, manne! Basi anayesema "kateni" hajui asemalo. Lazima kung'oa, na kisiki kimoja huwachosha vijana wawili kutwa nzima. Mjane atawalipa nini?

Fedha haziwezi kusemwa kuwa hazina njia. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutekeleza siasa ya Serikali juu ya kuhifadhi udongo, maji na misitu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka ziingize jambo hili katika mipango yao ya maendeleo. Makueni hawakungoja hata sheria hiyo: mwaka 2015 walitunga kanuni za mfuko wao wenyewe, wakautengea asilimia moja ya fedha za maendeleo, na kamati za wadi zikapewa kuchagua kazi, kama vile mabwawa ya mchanga. Kisha mwaka 2021 ukaja mpango wa Serikali na Benki ya Dunia, ambao kaunti ikitaka fedha zake lazima kwanza iwe na sheria, mfuko na kamati za wadi.

Basi twadai kamati ya wadi iingie bondeni na kitabu, ihesabu visiki, na mwenye shamba alipwe kwa kila kisiki kilichong'olewa, mara moja tu, tena apewe miche ya mianzi ya kupanda mahali pake. Vijana wetu wasio na kazi ndio waajiriwe kung'oa, kwa mshahara halali, si kwa soda na fulana.

Wako watakaosema: "Kwa nini alipwe aliyevunja sheria?" Kanuni za maji za 2006 zilikataza kuendeleza ukingo wa mto kwa mita 6 hadi 30. Vema. Lakini kule kwetu sijaona hata kigingi kimoja kilichopigwa kumwonyesha mtu mpaka huo. Mtu haadhibiwi kwa mstari asioonyeshwa.

Tena jambo hili halikomei Kisii. Mto Kuja huanza vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita kwetu, ukashuka Nyatike katika Migori mpaka Ziwa Victoria. Vinamasi vya juu vilikuwa vikishika maji kama sifongo. Tumevichimba mitaro tukavikausha ili tupande miti. Mvua kubwa ikija, maji hayana pa kukaa, na watu wa Nyatike hulala juu ya paa. Sisi tunaotengeneza njia ya reli twajua: ukiharibu mfereji juu, tuta huvunjika chini. Kaunti hizo tatu ziketi meza moja.

Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Mwanachama mwenye likizo mwezi wa Machi aende kikao cha wadi yake akiwa na hesabu ya visiki vya bonde lao mkononi. Vyangu ni thelathini na vinne. Nimekwisha kung'oa sita.