Mbuzi wa Jirani na Uhai wa Anayemchunga



Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinapofika hapa Nakivale, majani ya vilimani hukauka, na moto wa porini hauko mbali. Mmoja anasafisha shamba kwa moto, mwingine anachoma makaa, upepo unamaliza kazi. Katika mikutano tunazungumza juu ya nyumba na mazao. Leo napenda tumkumbuke mtu tunayemsahau: yule anayebaki na wanyama wa wenzake.

Mnamfahamu. Jirani anampeleka mgonjwa Mbarara, mwingine amekwenda kupanga foleni ya mgao, na wote wanamwachia kijana au mama mmoja mbuzi, kuku na mbwa wao. Ujira wake ni mayai machache au unga kidogo. Asubuhi anachota maji ya wanyama na kutoa majivu yaliyoangukia kwenye beseni. Mchana anahamisha mbuzi kutoka upande wenye moshi. Jioni anatafuta kuku waliokimbia, huku simu inalia: "Mbuzi wangu yuko?" Ni wachache wanaouliza: "Na wewe, kifua chako kikoje?"

Sisi wa VHT tunajua kwa nini haondoki mapema. Haogopi moto peke yake, anaogopa kulipishwa. Akimfungulia mbuzi na mbuzi akapotea, nani atamwamini? Deni la mbuzi mmoja kwa mtu anayeishi kwa mgao ni mzigo wa miezi mingi. Kwa hiyo anangoja, anavuta moshi, anatazama njia.

Maoni yangu ni haya: mwenye mnyama ndiye anayepaswa kuondoa hofu hiyo, na aiondoe kabla ya kusafiri. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji au jirani mmoja aseme wazi: "Ukiona moto unakuja, wafungulie, fungua banda la kuku, uondoke. Sitakudai." Maneno hayo hayagharimu hata shilingi moja, lakini yanaweza kuokoa mtu. Hata mnyama anafaidika, maana mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Wengine watasema kwamba watu wavivu watatumia moto kama kisingizio cha kuiba. Ndiyo sababu nasema pawe na shahidi. Mwizi hujulikana kwa njia nyingine, lakini aliyeungua harudishwi kwa kesi.

Na wewe unayechunga, zingatia haya:

1. Moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoshuka. Usikimbilie juu. Nenda mahali pasipo na majani, kama uwanja wa mpira.

2. Kitambaa chenye maji hakizuii chembe ndogo sana za moshi zinazoingia ndani ya mapafu. Kisikudanganye ukabaki. Mwenye pumu, mjamzito, mzee na mtoto wasiachiwe kazi hii wakati wa moshi. Ukibanwa kifua au kupumua kwa shida, nenda kituo cha afya mara moja.

3. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe.

4. Mbwa mwenye hofu huuma hata anayemlisha. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia.

5. Funika madumu ya maji ya kunywa ili majivu yasiingie.

Ndugu zangu, wengi wetu tulifika hapa baada ya kuacha ng'ombe, mbuzi na nyumba kule Kongo. Tulikimbia na watoto mgongoni, na hakuna aliyetulaumu kwa kuacha mali. Basi tusimlazimishe mtoto wa jirani afanye yale ambayo sisi wenyewe hatukuyafanya. Kabla hujamkabidhi kamba ya mbuzi wako, mpe kwanza ruhusa ya kuiachia.

Mjumbe wa VHT, Nakivale