Feri Hatuikosi, Kura Je?

Wanafunzi wa Likoni mnaovuka kila asubuhi kuja chuo huku kisiwani, feri ikikwama mwapiga kelele mtandaoni mpaka Nairobi wasikie. Sawa kabisa. Lakini siku ya kura mwatoweka wapi?

Hebu tuhesabu. Agosti 29, 2022 Mombasa ilichagua gavana. Daftari lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000. Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083, Hassan Omar akapata 98,105. Zijumlishe: hata nusu ya daftari hazifiki! Waliobaki nyumbani ndio waliokuwa wengi.

Juni 2024 vijana tulijaa Moi Avenue kupinga Mswada wa Fedha, na Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Maandamano yaweza kuzuia mswada, ila hayamchagui mwakilishi wa wadi. Na huko wadini ndiko basari yako inakopita.

Kwa hivyo, una miaka 18 na kitambulisho? Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ujisajili. Umehama mtaa? Hamisha na kura, usije ukakosa nauli siku yenyewe. Kisha kaeni barazani watano watano, mwiteni kila mgombea wa wadi awaeleze basari atazigawa vipi. Kaunti ikiita maoni ya bajeti, nendeni, ulizeni.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Wazee walishasema, asiyekuwapo na lake halipo.