Mhandisi wa data Kongo: sheria inaweza kumpandisha cheo

Sheria ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi Kinshasa tarehe 13 Machi 2023, inadai kila anayehifadhi habari za watu azilinde. Kwa benki na kampuni za simu zinazotuma pesa, kupanga data vizuri hakutoshi tena. Ni nani anaruhusiwa kuifungua? Ni nani atajibu ikivuja?

Hapo mwongozo wa COBIT wa shirika ISACA unasaidia: unatenganisha kazi ya kuongoza na kazi ya kuendesha, kisha unaonyesha jukumu la kila mmoja. Mhandisi wa Goma ao Bukavu anayeandika majukumu hayo mbele ya kuombwa anawapa wakubwa wake jibu wanalodaiwa na sheria. Diploma ilimwingiza kazini. Jibu hilo linaweza kumfikisha kwenye meza ya maamuzi.