Pumua na mimi, shangazi

Wasee, mtu akilazwa peke yake kwa ajili ya saratani huwa tunamwambia nini? "Jikaze." Halafu tunakata simu.

Shangazi yangu wa hapa Kiminini alilazwa Eldoret, chumba cha peke yake. Kemo ilikuwa imeshusha seli nyeupe za damu, so hata kahoma kangu kadogo kangeweza kumuua. Tulionana kwa simu tu. Usiku ndio ulikuwa mbaya.

Nikamwambia tujaribu meditesheni. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe pole pole hadi sita. Akili ikikimbilia mazishi, irudishe kwa pumzi. Dakika kumi, kila saa tatu usiku, pamoja. Mamangu akasema naleta dini ngeni. Zii! Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha wagonjwa hospitalini kule Marekani mwaka wa 1979, na hakubadilisha mtu dini. Shangazi akimaliza alikuwa anashika rosari yake.

Haitibu saratani, kemo usiache. Na programu za simu ziko kibao, lakini zinaongea Kizungu cha mtu hakujui. Mgonjwa anataka sauti ya nyumbani. Leo saa tatu kuna mtu wako atakuwa anaangalia dari. Namba yake unayo.