Utalii Zanzibar: Wageni Wanaongezeka, Lawama Zamwangukia Jirani

Na Mwandishi Wetu, Unguja

Kila kukicha bandarini Malindi mjini Unguja hushushwa matenga ya nyanya, magunia ya viazi na vitunguu kutoka Tanzania Bara. Sehemu kubwa ya shehena hiyo huishia sokoni Darajani na Mwanakwerekwe, lakini sehemu nyingine hupakiwa katika gari ndogo za mizigo na kupelekwa Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambako hoteli za kitalii zinasubiri. Kwa mfanyabiashara wa Tanga, Lushoto, Dar es Salaam au Mombasa, Zanzibar ni soko la karibu lenye mteja anayelipwa kwa dola.

Hata hivyo soko hilo lina jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalitilii maanani. Manung'uniko ya wenyeji juu ya utalii yamekuwa yakiongezeka, na mara nyingi anayeyasikia wa kwanza si mtalii wala mwenye hoteli, bali ni jirani aliyekuja kutafuta riziki. Makala hii inajaribu kueleza hasira hiyo inatoka wapi, na kwa nini ni suala la biashara baina ya nchi zetu.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 1990 Zanzibar ilipokea wageni 42,000 hivi. Mwaka 2000 walikaribia 100,000. Mwaka 2019 walifika 538,264, na baada ya pigo la korona wakapanda tena hadi 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Kwa visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773, hilo ni ongezeko kubwa ndani ya kizazi kimoja.

Lakini idadi peke yake haielezi kila kitu. Visiwa vya Canary vya Hispania vina wakazi wapatao milioni 2.2, na mwaka 2024 vilipokea wageni zaidi ya milioni 17, yaani karibu wageni wanane kwa kila mwenyeji. Huko watu kwa maelfu waliandamana Aprili 2024 wakilalamikia kodi za nyumba na uhaba wa maji, na Julai mwaka huo huo wenzao wa Mallorca nao wakaingia barabarani. Zanzibar haijafikia hata mgeni mmoja kwa wenyeji wawili. Iweje basi malalamiko yafanane?

Jibu la kwanza ni kwamba wageni hawa hawatawanyiki. Pemba, yenye watu zaidi ya nusu milioni, hupata wachache sana. Karibu wote hukusanyika Mji Mkongwe na katika ukanda mwembamba wa pwani ya kaskazini na mashariki ya Unguja. Kijiji cha Nungwi au Paje hakiishi na wastani wa taifa. Kinaishi na hoteli iliyo mlangoni mwake.

Ufukwe na mwani

Jibu la pili ni matumizi ya pwani. Mgeni anapoutazama ufukwe wa mashariki huona mahali pa kupumzika. Mwenyeji huona mahali pa kazi. Maji yakipwa, wanawake huteremka kuchokoa pweza na kuhudumia mashamba ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa wengi wao hiyo ndiyo iliyokuwa fedha yao ya kwanza ya mkononi, isiyopitia kwa mume.

Leo vijiji hivyo hivyo ni makao ya hoteli na ya mchezo wa kuteleza majini kwa tiara. Vigingi na kamba za mwani humkera mchezaji, na mwani unaoanikwa mchangani haumpendezi mgeni aliyelipia mandhari. Wavuvi nao wanahitaji mahali pa kuegesha ngalawa, kuanika nyavu na kupiga dago. Kisheria ufukwe ni wa umma, lakini mlinzi wa hoteli akisimama kwenye njia iliyokuwa ikipitwa tangu enzi za mababu, sheria hiyo haimsaidii sana mama mwenye gunia la mwani kichwani.

Ardhi ya Zanzibar kisheria ni mali ya umma chini ya Serikali, na mwekezaji wa nje hukodishwa. Kwa hiyo mwanakijiji aliyepanda minazi pale hulipwa fidia ya vipando, kisha thamani yote inayofuata humilikiwa na mwenye mkataba. Fidia huliwa mara moja. Mkataba huishi miaka mingi.

Maji

Suala la maji lilifanyiwa uchunguzi na shirika la Uingereza la Tourism Concern, ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 2012. Iligundua kuwa kaya ya kawaida katika vijiji vya utalii vya Zanzibar hutumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano hutumia zaidi ya lita 3,000. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba kulikuwa na hoteli zilizoweka walinzi kwenye mabomba yao, kwa hofu kwamba wanakijiji wangeyakata.

Tangu wakati huo idadi ya wageni imepanda mara kadhaa. Maji matamu ya Unguja yanatoka ardhini, na yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, ya chumvi huingia. Hoteli kubwa inaweza kununua mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Mwenye kisima cha kijiji hana uwezo huo.

Fedha inaishia wapi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wenyeji hawataki wageni waondoke. Mwaka 2020 idadi iliposhuka hadi 260,644, vijiji vya pwani vilionja uchumi usio na mtalii na havikuufurahia. Wala si kweli kwamba utalii haukuleta kitu. Umasikini wa mahitaji ya msingi visiwani ulishuka kutoka asilimia 34.9 mwaka 2009/10 hadi asilimia 25.7 mwaka 2019/20, na sekta hii inahesabiwa kuwa na mchango wake humo.

Kinacholalamikiwa ni njia inayopita fedha. Mgeni wengi wetu tunayemwona hapa hununua likizo yake huko huko Ulaya: ndege, chumba, chakula na vinywaji vyote katika bei moja. Akifika, mkono hauna sababu ya kuingia mfukoni. Anayekula mara tatu hotelini hatapita kwa mama ntilie, na aliyeandaliwa safari na hoteli hatamtafuta nahodha wa kijijini. Vijana wanaomfuata ufukweni huitwa papasi, kwa jina la mdudu anayeng'ang'ania mwili. Jina hilo peke yake linaonyesha jinsi walivyowekwa pembeni ya biashara iliyo mbele ya nyumba zao.

Serikali ya Mapinduzi inaonekana kulielewa tatizo hilo, ndiyo maana hutafuta kuchukua fedha mlangoni. Oktoba 2024, kwa mfano, ilianza kumtoza kila mgeni kutoka nje dola 44 za bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Fedha hiyo inaingia kwa uhakika, lakini inaingia mjini. Haifiki kwenye sufuria ya mama wa Matemwe.

Kwa nini lawama zinamfikia jirani

Hoteli inahitaji mpishi, mhudumu anayesema Kiingereza au Kiitaliano, na mhasibu. Kenya na Tanzania Bara zina vyuo na uzoefu wa miaka mingi, hivyo wafanyakazi wengi wanatoka huko. Katika maduka ya vinyago mna mawe ya Kisii kutoka Kenya, michoro ya Tingatinga kutoka Dar es Salaam na shanga za Wamasai. Nyanya zinatoka Bara. Kijana wa Kiwengwa akitazama, anaona mwenye hoteli hayupo, wakala yupo Milan au Warsaw, na aliye karibu naye mwenye kipato ni kijana wa Arusha au Mombasa. Lawama humwangukia aliye karibu.

Kwa hesabu hilo ni kosa. Mchuuzi wa Bara anabakiwa na sehemu ndogo sana ya bei ya likizo. Lakini siasa haifuati hesabu. Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kuongoza watalii, kutengeneza simu na uwakala wa fedha kwa simu. Kenya ililalamika kuwa hilo linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Amri ile ilikuwa chini ya sheria ya leseni ya Bara, na Zanzibar ina sheria zake. Hata hivyo ilionyesha jinsi manung'uniko ya mtaani yanavyoweza kugeuka kanuni kwa siku moja, na mpaka uliokuwa wazi ukafungwa kwa mwenye mtaji mdogo.

Pwani ya Kenya inalo funzo kali zaidi. Agosti 1997 fujo zilizuka Likoni, kusini mwa Mombasa, na walioshambuliwa walikuwa watu wa bara ya Kenya. Wanasiasa walihusishwa na uchochezi ule, lakini walikuta kuni zimeshakauka: ardhi iliyopotea, na ajira za hoteli ambazo wenyeji walihisi zimekwenda kwa wengine. Watalii walikimbia, hoteli zikafunga, na ilichukua miaka soko kurudi. Aliyepoteza si mgeni wala mwenyeji peke yake. Mleta mboga naye alipoteza.

Kipi kifanyike

Kwanza, hoteli zinunue visiwani kwa mikataba ya msimu, si kwa simu ya asubuhi. Mkulima wa Unguja na Pemba hushindwa si kwa sababu ya udongo tu, bali kwa sababu hoteli inataka kiasi kile kile kila siku, risiti, na usafiri wa baridi, kisha inalipa baada ya mwezi au zaidi. Mkulima mmoja hawezi kusubiri. Chama cha ushirika chenye akiba kinaweza.

Pili, na hapa tunazungumza na wasomaji wetu, mfanyabiashara wa Bara na wa Mombasa aache kuiona Zanzibar kama mahali pa kushusha mzigo tu. Ana kile ambacho mkulima wa visiwani hana: mtaji wa kusubiri malipo, soko na ujuzi wa kupanga daraja za mazao. Akishirikiana na wakulima wa huko, akaleta viazi na vitunguu visivyostawi vizuri visiwani na kuacha mchicha, mapapai na samaki kwa wenyeji, atapunguza faida kidogo mwaka huu na kulinda soko la miaka kumi.

Tatu, leseni ya hoteli mpya ifungwe na mambo yanayopimika: njia ya kwenda baharini iliyo wazi, maji ya kwake isiyonyang'anya kisima cha kijiji, na idadi ya vijana wa shehia watakaofunzwa kazi. Ahadi za mdomo zimekuwepo tangu miaka ya tisini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Nungwi na Paje hawajalikana neno hilo. Wanachouliza ni lini sehemu ya pili itatimia. Sisi tunaovusha bidhaa kwenda kwao tungefanya vizuri kuwasaidia kupata jibu, kwa sababu lisipopatikana hotelini, litatafutwa kwetu.