Jumamosi ya mtoto isiishie sokoni

Kila mwanzo wa mwaka wa shule wazazi huniuliza swali lile lile: mwalimu, haya mambo ya skauti, ngoma na kwaya yatampatia mtoto wangu nini? Wanaouliza si wazazi wabaya. Ni watu wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi mpaka wa Mugina au Kobero, na mtoto wa miaka kumi ndiye mlinzi wao wa kuaminika wa gunia la mchele au beseni la dagaa. Jumamosi ndiyo siku anayopatikana.

Jibu langu ni hili: kikundi kitampatia mtoto kile ambacho sisi tuliokulia ugenini tulikihitaji kuliko kitu kingine chochote siku tuliyorudi. Kitampatia watu.

Tukumbuke tulivyorejea. Wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sisi watoto wao tulisoma kwa Kiswahili, tukakimbia mchakamchaka asubuhi kama watoto wengine wa Tanzania. Katika miaka ya 2008 na 2009 watu zaidi ya 50,000 wa kundi hilo walirudi Burundi. Tulikuta shule zinafundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Kule Nyanza-Lac na Rumonge, wengi walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine. Sisi tukaitwa abahungutse, wenyeji wakaitwa abasangwa. Watu wazima walipelekana mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006, na watoto wao wakakaa dawati moja.

Lakini, ndugu msomaji, dawati moja halitoshi. Darasani kila mtoto hupata alama zake peke yake, na asiyejua lugha hunyamaza. Tena madarasa yetu yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake humaliza somo tu. Hana nafasi ya kumfanya huyu azoeane na yule.

Kwenye kikundi mambo ni tofauti. Chukua skauti. Watoto sita mpaka wanane huunda kikosi kidogo, na kiongozi wao ni mtoto mwenzao. Mmoja huleta kuni, wa pili huteka maji, wa tatu hupika. Asiyejua Kifaransa huenda ndiye hodari wa kufunga kamba, na wenzake watamhitaji hivyo hivyo alivyo. Chukua pia ngoma zetu, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa dunia usioshikika. Wapigaji husimama nusu duara, na kila mmoja kwa zamu yake huingia katikati kuongoza. Asiyesikiliza wenzake huharibu ngoma nzima. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha darasa la nne.

Wala wazo la kuchanganya watoto si geni. Mwaka 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, alifanya kambi ya kwanza ya skauti katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Alichukua wavulana wapatao 20, wengine kutoka shule za wakubwa, wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida, akawalaza katika mahema yale yale. Hapa kwetu Centre Jeunes Kamenge, katika vitongoji vya kaskazini mwa Bujumbura, iliwakusanya vijana wa Kihutu na wa Kitutsi kwa michezo na masomo wakati vita vikiwatenga wazazi wao. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Baadaye maskauti wa Burundi, Rwanda na Congo wakawa na mradi wa pamoja, Amahoro Amani, wa kuwafundisha vijana kupatanisha watu.

Najua mzee mmoja atanijibu kwamba hata waliochoma nyumba walikuwa vikundi vya vijana. Ni kweli. Mwaka 1994 na 1995 mitaa ya Bujumbura ilikuwa mikononi mwa makundi ya vijana wenye silaha. Hofu ya mzee huyo ina msingi, na ndiyo maana sisemi kikundi chochote kinafaa. Nasema mzazi aulize maswali matatu kabla ya kumruhusu mtoto. Kwanza, nani anawaongoza, na je, anakubali mzazi aje wakati wowote kutazama? Pili, je, wamo watoto wa waliorejea na wa wenyeji, wa matajiri na wa maskini? Tatu, je, kuna mtu anayewatumia watoto hao katika mambo yake, kama kampeni au ugomvi? Likikosekana jibu zuri kwa moja tu, mtoto abaki nyumbani.

Lakini kumfungia mtoto kabisa si usalama. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana asiyewahi kuwa na kikundi akiwa na miaka kumi, akifika kumi na minane atatafuta, na hapo atakayemkaribisha hatakuwa mwalimu wa kwaya.

Kwa mfanyabiashara naongeza hili. Biashara ya mpakani hutegemea kuaminiana na watu usiowajua. Mtoto aliyetunza michango ya wenzake, aliyefika kwa wakati na aliyezungumza mbele ya wageni, anajifunza kazi yako bila kubeba gunia. Na yule aliyerudi na Kiswahili chake akawafundisha wenzake nyimbo, anawagawia mtaji. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007.

Jambo hili lina haraka. Tangu Septemba 2017 watu wengine zaidi ya laki moja wamerejea kutoka kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu. Watoto wao wengi walizaliwa kambini, na kilima wanachoambiwa ndicho kwao hawajawahi kukiona. Tukiwaacha wajitafutie wenyewe pa kukaa, maneno ya abahungutse na abasangwa yatarithiwa na wajukuu.

Basi ombi langu ni dogo. Wakuu wa shule waache uwanja wazi Jumamosi alasiri. Makanisa na misikiti itoe mtu mzima mmoja mwaminifu wa kusimamia. Nawe mzazi, mpe mtoto saa mbili tu kwa wiki. Asubuhi akusaidie sokoni, mchana mwachie. Beseni la dagaa linaweza kulindwa na jirani yako wa meza ya pili, na kama bado humfahamu vizuri, mtoto wake na wako watakujulisheni.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyesoma Tanzania na kurejea Burundi.